Yerusalemu na Athene katika Ustaarabu wa Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wanaposema kwamba ustaarabu wa Magharibi umejengwa juu ya Yerusalemu na Athene, wanamaanisha nini?

Wanamaanisha kwamba mambo mengi ambayo jamii za Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini huyaona kuwa ya kawaida yanatokana na asili mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja. Ya kwanza ni Torati, manabii na desturi za Wayahudi: Mungu mmoja aliyeumba vyote, agano lenye masharti, na sheria inayomfunga hata mfalme. Ya pili ni falsafa iliyoanza katika miji ya Wagiriki tangu karne ya 6 KK: mazoea ya kuuliza chanzo cha kila kitu, kudai hoja pale wengine wanaporidhika na mapokeo, na kuigawa elimu katika matawi yake. Dola la Roma na sheria zake lilichangia sana pia, na anayeliacha kabisa amesimulia nusu ya habari. Hapa tunashughulika na asili hizo mbili kwa sababu ndizo zilizogombana kwa muda mrefu zaidi, na kwa maoni yetu ugomvi wao ulizaa mengi kuliko mapatano yao.

Je, Wayahudi wa kale na Wagiriki walijuana?

Kabla ya Aleksanda Mkuu walijuana kidogo sana. Mwaka 332 KK Aleksanda alipita katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati akiwafukuza Waajemi, na baada ya kifo chake mwaka 323 KK majemadari wake waligawana himaya. Yuda ikawa chini ya nasaba ya Ptolemaio iliyotawala Misri, kisha chini ya Waseleuko wa Shamu. Kigiriki kikawa lugha ya utawala na biashara, na Wayahudi wengi wakahamia Aleksandria, mji ambao baadaye ulikuwa na mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Kiyahudi duniani.

Mkutano huo haukuwa wa amani daima. Mwaka 167 KK mfalme Antioko wa Nne alipiga marufuku desturi za Kiyahudi na kulinajisi Hekalu la Yerusalemu, jambo lililowasha vita vya Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi ulioongoza uasi. Hekalu lilitakaswa mwaka 164 KK, na sikukuu ya Hanuka huadhimisha tukio hilo hadi leo. Hata hivyo, haifai kuichukua habari hii kuwa ya imani upande mmoja na Ugiriki upande mwingine, kwa kuwa wazao wa wapiganaji hao, walipopata ufalme, walijiita kwa majina ya Kigiriki kama Aristobulo na Aleksanda, na baadhi ya sarafu zao zilikuwa na maandishi ya Kiebrania upande mmoja na ya Kigiriki upande wa pili.

Tafsiri ya Sabini ni nini, na kwa nini inatajwa sana?

Ni tafsiri ya Kigiriki ya maandiko ya Kiebrania, iliyoanza na Torati huko Aleksandria katika karne ya 3 KK. Masimulizi ya kale yanasema kwamba mfalme Ptolemaio wa Pili aliwaita wazee 72 kutoka Yerusalemu, sita kwa kila kabila, ili waifasiri Torati kwa ajili ya maktaba yake. Wanahistoria wengi huyaona masimulizi hayo kuwa ngano, nao hueleza kazi hiyo kwa sababu rahisi zaidi: Wayahudi wa Misri walikuwa wamezoea Kigiriki kiasi kwamba walihitaji maandiko yao katika lugha hiyo.

Uzito wake ni kwamba kuanzia hapo mtu asiyejua Kiebrania aliweza kumsoma Musa na Isaya kwa lugha ileile ya mwanafalsafa Plato. Wakristo wa kwanza waliitumia tafsiri hiyo, na sehemu kubwa ya nukuu za Agano la Kale zilizomo katika Agano Jipya zinafuata maneno yake. Bila hiyo ni vigumu kuona jinsi imani iliyoanza Galilaya na Yerusalemu ingeenea upesi hivyo katika miji ya Dola la Roma.

Philo wa Aleksandria alikuwa nani?

Alikuwa mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeishi takriban kuanzia mwaka 20 KK hadi 50 BK. Ghasia dhidi ya Wayahudi zilipotokea Aleksandria mwaka 38 BK, yeye ndiye aliyeongoza ujumbe uliokwenda Roma kumlalamikia Kaisari Gayo Kaligula. Katika maandishi yake Philo alishikilia kwamba Musa alikuwa mwanafalsafa mkuu kuliko wote, na kwamba chini ya maana ya nje ya Torati kuna maana ya ndani inayoweza kufumbuliwa kwa msaada wa Plato na Wastoa, wanafalsafa waliofundisha kuishi kwa kufuata akili. Plato alikuwa amefundisha kwamba vitu tunavyoviona ni vivuli vya mifano ya milele. Philo akaiweka mifano hiyo ndani ya akili ya Mungu, naye akalieleza Neno la Mungu kuwa kiungo kati ya Muumba na ulimwengu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, hawakuyatunza maandishi yake. Yametufikia kwa sababu Wakristo waliyanakili, nao walikuwa na haja kubwa ya kile alichokifanya.

Mapokeo ya Kiyahudi yalileta nini ambacho falsafa ya Kigiriki haikuwa nacho?

Kwanza, uumbaji. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, na Mungu wake, Msukumaji asiyesukumwa, hajui wala hashughulikii mambo ya mkulima mmoja au mjane mmoja. Mungu wa Torati anaumba kwa hiari, anaita watu kwa majina, anakasirika na kusamehe. Tofauti hiyo si ndogo: kama ulimwengu umetokana na hiari, basi ungaliweza kuwa vinginevyo, na historia inaweza kuwa na mwelekeo.

Pili, sheria juu ya mtawala. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, kinaagiza kwamba mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Masimulizi ya wafalme yanaonyesha agizo hilo likifanya kazi. Mfalme Daudi anapomtwaa mke wa Uria na kusababisha kifo cha Uria, nabii Nathani anamwendea, anamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, kisha anamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mfalme Ahabu anapotwaa shamba la mizabibu la Nabothi, Eliya anamngojea palepale. Katika nchi nyingi za kale mfalme alikuwa mungu au mwana wa mungu. Katika Israeli alikuwa mshitakiwa anayewezekana, na ni wazo hili, pengine kuliko lolote lingine, ambalo wapinzani wa wafalme wa Ulaya walilirudia baadaye.

Tatu, wanyonge. Sheria ya kuacha masazo ya mavuno kwa maskini na mgeni, na ghadhabu ya Amosi dhidi ya wale wanaomuuza mhitaji kwa jozi ya viatu, zinaifanya haki kwa mnyonge kuwa sehemu ya ibada yenyewe. Wanafalsafa wa Kigiriki waliandika mengi na kwa kina kuhusu haki, lakini mjane, yatima na mgeni hawakuwa kiini cha mazungumzo yao.

Nne, Sabato. Siku ya mapumziko iliyomhusu mtumwa na hata punda iliwashangaza Warumi, na mwanafalsafa wao Seneca, kwa ushahidi wa Augustino, askofu tutakayemtaja baadaye, alilalamika kwamba Wayahudi hupoteza sehemu ya saba ya maisha yao kwa kukaa bure. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru Jumapili iwe siku ya mapumziko mijini, na juma la siku saba lenye siku ya kupumzika likaingia katika maisha ya Ulaya.

Na Wagiriki walileta nini?

Walileta, kwa ufupi, utaratibu wa kufikiri unaokubali kuhojiwa. Sokrate aliwauliza wenzake wa Athene wanachomaanisha wanaposema ushujaa au haki, na mwaka 399 KK akahukumiwa kunywa sumu. Mwanafunzi wake Plato alianzisha Akademia; Aristotle, aliyesoma humo, aliasisi shule yake mwenyewe mwaka 335 KK, akaandika kanuni za mantiki ambazo vyuo vya Ulaya vilizifundisha kwa karne nyingi, na shule yake ikakusanya maelezo ya katiba za miji 158 ili kulinganisha namna za utawala. Eukleide, karibu mwaka 300 KK, alionyesha kwa jiometri jinsi elimu nzima inavyoweza kujengwa hatua kwa hatua kutokana na misingi michache.

Demokrasia ya Athene, iliyopata umbo lake baada ya mageuzi ya Kleisthene mwaka 508 KK, hutajwa pia, lakini tahadhari inahitajika. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakupiga kura, na maofisa wengi walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Zaidi ya hayo, wanafalsafa wenyewe hawakuipenda: Plato aliiweka karibu na mwisho katika orodha ya tawala zake, juu ya udikteta tu. Anayesema kwamba falsafa ya Kigiriki ndiyo iliyozaa demokrasia amechanganya mji wa Athene na wakosoaji wake.

Ukristo uliziunganishaje pande hizi mbili?

Uliziunganisha kwa kusitasita, na si Wakristo wote waliokubali. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo anasimama Areopago, mahali pa baraza huko Athene, mbele ya wanafalsafa wa Kiepikureo na wa Kistoa, na badala ya kuwanukulia Isaya anawanukulia mshairi wao aliyesema kwamba "sisi sote tu wazao wake". Wanamsikiliza hadi anapotaja ufufuo wa wafu, hapo baadhi wanamdhihaki. Kisa hicho kifupi kinaonyesha mahali hasa ambapo lugha ya Athene ilifika mwisho na ya Yerusalemu ikaendelea.

Karne ya 2, Yustino, aliyekuwa mwanafalsafa kabla ya kubatizwa, alidai kwamba wote walioishi kwa kufuata Neno la Mungu, akiwemo Sokrate, walikuwa Wakristo kwa namna fulani. Tertuliano wa Karthago, muda mfupi baadaye, aliuliza kwa ukali Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu, na jibu alilolitarajia lilikuwa kwamba hazina uhusiano wowote. Hata hivyo, mwaka 325, Mtaguso wa Nisea ulipotaka kueleza uhusiano wa Baba na Mwana, maaskofu walilazimika kutumia istilahi ya asili moja, ambayo haimo katika Maandiko bali ilitoka katika msamiati wa falsafa.

Aliyeacha alama kubwa zaidi katika Kanisa la Magharibi ni Augustino (354–430), Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo sasa ni Algeria, na kufa akiwa askofu wa Hippo. Anaeleza kwamba vitabu vya wafuasi wa Plato vilimsaidia kumfikiria Mungu asiye na mwili, lakini humo hakukuta kwamba Neno alifanyika mwili. Roma ilipovamiwa na kuporwa na Wavisigothi mwaka 410, alianza kuandika juu ya miji miwili, wa Mungu na wa dunia, akitoa maelezo ya historia ambayo hakuna mwanafalsafa wa Kigiriki angeyatoa.

Je, ni kweli kwamba Ulaya ilipoteza falsafa ya Kigiriki na kuipokea tena kutoka kwa Waarabu?

Kwa sehemu kubwa ni kweli kuhusu Ulaya Magharibi, si kuhusu Ulaya yote. Huko Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola la Roma la Mashariki, wasomi waliendelea kusoma Kigiriki bila kukoma. Magharibi, kwa upande wake, ilibaki na vipande: baadhi ya kazi za mantiki za Aristotle zilizotafsiriwa kwa Kilatini na msomi Mrumi Boethius kabla hajauawa karibu mwaka 524, na sehemu ya mazungumzo mamoja ya Plato.

Wakati huohuo Baghdad ya makhalifa Waabbasi ilikuwa na harakati kubwa ya kufasiri. Hunayn bin Ishaq (809–873), Mkristo wa Kinestori na tabibu, alifasiri vitabu vingi kutoka Kigiriki kwenda Kisiria na Kiarabu. Wanafalsafa Waislamu al-Kindi, al-Farabi na Ibn Sina hawakuishia kuitunza falsafa hiyo. Waliiendeleza na kuiuliza maswali mapya, kwa sababu wao pia walikuwa na kitabu kilichofunuliwa na Mungu Muumba. Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198), kadhi na mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, aliandika kwamba sheria ya dini yenyewe inawataka wenye uwezo kuitafakari dunia kwa akili. Baada ya Wakristo kuiteka Toledo mwaka 1085, watafsiri kama Gerard wa Cremona walifanya kazi humo wakigeuza vitabu vya Kiarabu kuwa vya Kilatini. Karne ya 13, Willem wa Moerbeke alitafsiri kazi nyingi za Aristotle moja kwa moja kutoka Kigiriki, kwa hiyo njia hazikuwa moja.

Msomaji atagundua kwamba hadi hapa tumekuwa Aleksandria, Karthago, Hippo, Baghdad na Cordoba kuliko Paris au London. Urithi unaoitwa wa Magharibi ulitengenezwa kwa karne nyingi nje ya nchi zinazoudai leo.

Musa bin Maimun na Toma wa Akwino wana uhusiano gani?

Musa bin Maimun, ambaye Ulaya humwita Maimonides, alizaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, akiwa tabibu mashuhuri na mwanasheria mkuu wa Kiyahudi. Aliandika kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania, kitabu cha kumsaidia Myahudi msomi aliyetatizwa na mgongano wa Torati na Aristotle. Kuhusu umilele wa ulimwengu, alisema kwamba Aristotle hakutoa uthibitisho kamili, na kwamba akili peke yake haiwezi kuamua.

Toma wa Akwino (1225–1274) alikisoma kitabu hicho kwa Kilatini, akimtaja mwandishi wake kama "Rabi Musa", na katika suala hilo alifika karibu mahali palepale: kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo ni jambo la kuaminiwa, si la kuthibitishwa kwa hoja. Myahudi aliyeandika kwa Kiarabu akimjibu Mgiriki, na mtawa wa Kiitalia akimsoma kwa Kilatini. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi mambo yalivyokwenda.

Kanisa halikumeza Aristotle bila kutafuna. Mafundisho yake kuhusu maumbile yalipigwa marufuku Paris mwaka 1210, lakini kufikia 1255 kitivo cha sanaa cha chuo kikuu cha mji huo kiliyaweka katika masomo ya lazima. Mwaka 1277 askofu Étienne Tempier alilaani kauli 219 zilizokuwa zikijadiliwa chuoni, nyingi zikimwekea Mungu mipaka kwa jina la Aristotle. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba tamko hilo liliwalazimisha wasomi kufikiria maumbile kwa namna ambazo Aristotle alizikana, na hivyo likaandaa njia ya sayansi mpya. Dai hilo lina mvuto, lakini bado linapingwa, na sisi hatungelitumia kama msingi wa hoja nyingine.

Mawazo haya yalifikaje katika siasa za zama mpya?

Karne ya 16 wasomi wa Ulaya walirudi kwenye lugha za asili. Johannes Reuchlin alichapisha sarufi na kamusi ya Kiebrania mwaka 1506, Erasmus akachapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na Biblia nzima ya Martin Luther ikatoka mwaka 1534. Katika karne iliyofuata, wanasheria wa Uholanzi na Uingereza, kama John Selden, waliwasoma marabi ili kujua jinsi Israeli ya kale ilivyotawaliwa. Sura ya 8 ya kitabu cha Kwanza cha Samweli, ambamo Samweli anawaonya watu kuhusu madhara ya kuwa na mfalme, ikawa silaha ya wapinga ufalme. Thomas Paine aliitumia waziwazi mwaka 1776 kuwashawishi wakoloni wa Amerika. Mwaka huohuo Benjamin Franklin alipendekeza muhuri wa taifa jipya uwe na picha ya Musa kwenye Bahari ya Shamu. Muundo wa serikali yenyewe, hata hivyo, ulifuata mapokeo mengine: wazo la utawala uliochanganywa na mamlaka yanayozuiana, lililotoka kwa Aristotle na mwanahistoria Mgiriki Polibio na kupitia kwa mwanafikra Mfaransa Montesquieu.

Urithi huo ulitumika pia kwa uovu, na hilo halipaswi kufichwa. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile, na katika mjadala wa Valladolid, Hispania, mwaka 1550 hadi 1551, msomi Juan Ginés de Sepúlveda aliegemea fundisho hilo kutetea vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, huku mtawa Bartolomé de las Casas akimpinga. Wenye watumwa wa Marekani walinukuu Biblia kuhalalisha utumwa, na watumwa wao wakakisikia kitabu cha Kutoka, cha Waisraeli kukombolewa utumwani Misri, kuwa habari yao wenyewe.

Je, inafaa kusema "ustaarabu wa Kiyahudi na Kikristo"?

Inategemea anayesema na anachokificha. Msemo huo ulienea Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, hasa miongoni mwa waliotaka kuwaunganisha Wakristo na Wayahudi dhidi ya ufashisti, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia hiyo Wayahudi walikuwa wakiteswa na walewale waliosoma vitabu vyao: Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ilichomwa hadharani Paris katika miaka ya 1240, Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na Hispania mwaka 1492, na katika karne ya 20 Wayahudi takriban milioni sita waliuawa katikati ya Ulaya. Msemo huo pia huwaacha nje Waislamu, ambao bila wao sura nzima ya hapo juu isingeandikwa.

Naweza kuuona mkutano wa Yerusalemu na Athene ndani ya Biblia ya Kiswahili?

Ndiyo. Mbali na Matendo 17 na mwanzo wa Injili ya Yohane, fungua kitabu cha Hekima ya Sulemani, kilichoandikwa kwa Kigiriki na Myahudi ambaye yaelekea aliishi Aleksandria. Kimo katika Biblia za Kikatoliki, na kwa kawaida hakimo katika zile za Kiprotestanti. Sura ya 8, aya ya 7, inasema kwamba Hekima ya Mungu hufundisha kiasi na busara, haki na ushujaa. Hizo ni fadhila nne kuu alizozitaja Plato, zikiwa zimewekwa kinywani mwa mfalme wa Yerusalemu, na Wakatoliki wanaojifunza katekisimu leo bado huzikariri.